Laptop Juu ya Tumbo

"Ijaribu tu, mama kijacho," mume alibembeleza, akamwekea mkewe aliyeketi kwenye kiti cha duka la kompyuta laptop mapajani.

Kompyuta yao ya mezani ilikuwa imekata roho. Mke, mchora ramani za nyumba, alitaka nyingine kama ile, yenye kioo kikubwa. Mume alitaka laptop, ili mkewe afanye kazi akiwa amenyoosha miguu kwenye kochi.

Tatizo ni kwamba mapaja yenyewe hayakuwepo. Tumbo la miezi minane lilikuwa limeyameza. Laptop iliteleza hadi magotini, wakairudisha, mwishowe wakaiweka juu ya tumbo kama sinia.

"Si unaona? Imetulia."

Hapo laptop ikaruka. Haikuruka sana, lakini iliinama upande, na muuzaji aliyekuwa kando yao akaiwahi kwa mikono miwili.

Mume aliinamia tumbo. Siku zote alipoweka kiganja hapo, mtoto alitulia tuli, hata akaanza kudhani mkewe anamtania.

"Ndiye yeye?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiye. Na laptop hataki."

Mume akapiga magoti pale pale sakafuni, katikati ya maboksi ya printa, akaweka mkono. Safari hii mtoto hakuona haya. Teke likatua katikati ya kiganja cha baba yake.

"Sasa niwafungie ipi?" muuzaji aliuliza, laptop bado kaikumbatia.

"Ya mezani," mume alijibu bila kuondoa mkono, machozi yakimlengalenga. "Mwenye nyumba ameshasema."