Majibu ya Mwatumu

"Swali la kwanza," Mwatumu alisema, akavuta kiti karibu na kitanda. "Ukialikwa kwenye sherehe, unakaa pembeni au unacheza?"

Taya la mgonjwa lilikuwa limevunjika, na kichwa chote, macho pamoja, kilikuwa kimefungwa bandeji. Yalibaki matundu ya pua na upenyo wa mrija wa uji. Mikono na miguu nayo ilikuwa imefungwa, kwa jinsi moto ulivyoiunguza siku basi la Kasulu lilipopinduka.

"Unacheza!" Mwatumu alijijibu mwenyewe, akabonyeza simu. "Harusi ya Asia si ulivunja meza?"

Mgonjwa hakuwahi kucheza hata siku moja maishani. Alijikaza, ikatoka sauti kooni: "Mmm!"

"Umeona? Anakubali," Mwatumu alimwambia nesi aliyekuwa akibadilisha dripu. "Daktari kasema nimzungumzishe, basi namzungumzisha anachokipenda. Simu hii mliyoikuta kwenye koti lake, mkanipigia, kazi yake ilikuwa ni haya maswali ya fesibuku tu. Wewe ni staa gani, unafanana na nani. Alikuwa ananichosha!"

Nesi alitabasamu, akaenda kitanda kingine.

"Haya. Ukikasirika unafanyaje?" Mwatumu hakungoja. "Unafoka, halafu baada ya muda mfupi umesahau, unaulizia chai."

Mgonjwa akikasirika hunyamaza wiki nzima. Alitoa sauti tena, kwa nguvu zaidi. Mwatumu aliweka kiganja kifuani pake, juu ya blanketi.

"Taratibu, mume wangu. Usijichoshe."

Alisoma swali lingine, mara akacheka. Hakuwa amecheka tangu ajali. "Mwenzako akipata baridi safarini utafanyaje? Huyu? Huyu atavua koti lake ampe, hata kama hamjui."

Hapo mgonjwa alitulia. Jibu hilo lilikuwa kweli tupu. Machozi yalilowesha bandeji kwa ndani, mtu asiyaone.

Simu ikatoa majibu. "Bwana Chachandu!" Mwatumu alisoma. "Yule mchekeshaji wa kwenye sinema. Eti moyo mweupe, maneno mengi. Jamani, si ndiye huyu huyu?"

Akayaweka majibu hayo kwenye ukurasa wa mumewe ili watu waone. Haukupita muda, wakaanza kuandika, naye akawa anamsomea.

"Nurudini anasema, hapo hawajakosea hata chembe. Firdausi anasema, Ridhiwani, pona haraka, kijiwe kimepoa bila vituko vyako."

Mgonjwa alisikiliza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akimwelezea yeye.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Yasmini, mdogo wake Mwatumu, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa ametoka Kakonko kuwakilisha familia kwenye maziko ya abiria aliyekaa kiti kimoja na shemeji yake.

"Mmeshamzika?" Mwatumu aliuliza.

"Tumemzika, dada." Yasmini aliketi mwisho wa kitanda. "Mama yake kafika jana kutoka Njombe. Kaomba afunguliwe jeneza amwone mwanawe, wazee wakamkatalia. Marehemu aliungua, hatambuliki."

"Maskini mama wa watu. Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mwalimu. Mpole kupita kiasi, wanasema ulikuwa unaweza kukaa naye siku nzima usisikie sauti yake. Hata mke alikuwa bado. Akiitwa Crispin."

"Mungu amlaze pema," Mwatumu alisema. "Na sisi tumshukuru, huyu wetu katubakishia."

Kitandani, Crispin alianza kulia kwa sauti.

"Nyamaza, mume wangu," Mwatumu alimbembeleza. "Mwenzako ameshapumzika."