Dawa ya Shingo

Asubuhi hiyo kifungo cha juu cha shati kilikataa kufungwa. Valeriani alijaribu mara mbili, akakiacha wazi, akaenda kazini.

Uvimbe ulikuwa upande wa kulia, chini ya sikio. Mwanzoni ulikuwa kama harage. Vuli ilipokwisha ulikuwa kama yai la kware, na wa pili ukaota kando yake. Haukuuma. Ulikaa tu pale, naye akaendelea kupogoa mibuni kwenye shamba kubwa la kahawa juu ya Karatu, alikofika kutoka Singida akiwa kijana.

"Ni hii dawa ya buluu tunayopulizia kahawa," alisema nyapara, akamhamishia kwenye palizi. Uvimbe haukupungua.

Mganga mmoja wa Mang'ola aliuchoma kwa kisu cha moto, akasema marehemu baba yake anadai kondoo. Kondoo akachinjwa. Kidonda kilipona, uvimbe ukabaki. Valeriani akaanza kuzungusha skafu shingoni hata jua linapowaka.

Mkewe, Cresensia, alikuwa mpishi nyumbani kwa meneja. Chumba walicholala kilikuwa cha shamba, na binti yao Bibiana alisoma shule ya shamba. Mpishi aliyemtangulia Cresensia alianza kukohoa wakati wa masika. Kabla wiki haijaisha, yeye na mkewe na watoto walikuwa juu ya lori la Dodoma pamoja na masufuria yao. Meneja ana watoto wadogo, watu walisema. Angefanyaje?

Cresensia ndiye aliyempeleka mumewe hospitali ya misheni. Daktari alikata kinyama kwenye uvimbe, kikapelekwa Moshi kupimwa. Majibu yalikawia. Yalipokuja yalisema ni kifua kikuu, ila hakikukaa kifuani, kimekaa kwenye tezi za shingo.

"Cha namna hii humwambukizi mtu," alisema Sista Hyasinta, muuguzi wa wodi. "Lakini wewe umekitoa mahali. Nyumbani kuna anayekohoa?"

"Hakuna."

"Maziwa mnachemsha?"

Valeriani alifikiri kidogo. "Siku nyingine Wamasai wanatuuzia, tunakunywa hivyo hivyo."

"Basi ni maziwa."

Alilazwa, akachomwa sindano. Shingo ikaanza kunywea. Kisha akarudishwa nyumbani na vidonge vya kumezwa kila siku mpaka mwaka uishe. Kila mwezi angekwenda kuchukua vingine. Kila alfajiri Cresensia alileta maji kwenye kikombe cha bati, na vidonge vikamezwa kabla kengele ya shamba haijagongwa. Haikurukwa hata siku moja.

Uvimbe ulirudi. Ulipasuka, ukatoa majimaji, mwingine ukaota upande wa kushoto. Suruali ikawa inamvuka.

"Unakunywa pombe?" Sista alimwuliza.

"Niliacha."

"Na vidonge?"

"Kila mwezi vinakwisha, Sista."

Huko kambini kwa wafanyakazi wa shamba, watu walikuwa wameanza kuona jambo. Ulikuwa mwaka ule sukari ilipopotea madukani, na karibu kila mtu alikuwa amekonda, lakini Cresensia alinawiri. Mashavu yalimjaa, gauni la kazi likambana, akawa anapanda kilima cha kwa meneja na ndoo ya maji kichwani bila kupumzika njiani. Mume ananyauka, mke ananenepa. Wanawake wakaacha kwenda naye kisimani. Walisema anamla mumewe.

Habari zilifika Singida. Inosenti, mdogo wake Valeriani, akapanda basi, akaja, akakaa na kutazama.

"Kaka, turudi nyumbani," alisema. "Huyu mwanamke anakumaliza."

"Ananiuguza."

"Kuna kitu anaweka kwenye hayo maji."

Valeriani alitazama ukuta. Hakukasirika. Ilikuwa muda sasa hakasiriki wala hafurahi; alikula alichopewa na kulala alipotandikiwa. "Mwache shemeji yako," alisema.

Siku ya hospitali Inosenti alifuatana nao. Alimweleza Sista yote, Cresensia akiwa amesimama palepale. Cresensia alisikiliza akitazama sakafu.

"Basi leo atameza hapa," alisema Sista. "Maji yangu, kikombe changu. Na kesho aje tena ameze hapa."

"Shemeji asubiri nje," alisema Inosenti.

Cresensia akatoka. Valeriani aliweka vidonge mdomoni, akanywa maji, koo likapanda na kushuka. Sista akapokea kikombe, kikiwa kitupu.

"Umeona mwenyewe," alimwambia Inosenti.

Valeriani aliomba kwenda msalani. Inosenti alimngojea barazani, kisha, alipoona anakawia, akazunguka jengo kumtafuta. Aliwakuta nyuma ya chumba cha kufulia. Kaka yake alikuwa ameinama, anatema vidonge kwenye kiganja cha mkewe. Cresensia alivipangusa kwa pindo la kanga, akavimeza vikavu.

"Usiku umekohoa?" Valeriani alimwuliza.

"Hata kidogo, Baba Bibiana. Sasa anza kumeza na wewe."

"Bado," alisema Valeriani. "Mpaka mwaka wako uishe."