Mtambo wa Mzee Pazi

Mende wa nne alichomoza kwenye matundu ya mtambo wa muziki, akapanda kitambaa cha kufuma kilichoufunika, akasimama pale akichezesha sharubu kama mwenye nyumba. Mwahija akamshushia kandambili. Utumbo mweupe ukarukia kioo cha mbele, pale penye taa.

"Ptuu! Kinyaa gani hiki!"

Mumewe, Mzee Pazi, hakugeuka. Alikuwa ameketi mbele ya mtambo wake kama kila siku baada ya alasiri, kitufe cha sauti kakizungusha mpaka mwisho, macho kafumba, mguu unadundadunda sakafuni. Mwahija akazunguka akasimama mbele yake, akamgusa goti, akapaza sauti, maana mzee akishaketi pale ni lazima upaze.

"Baba Somoe! Mwanao anakuja kesho na kichanga cha siku tisa, alale arobaini yake hapa. Mende akimwingia mtoto sikioni, utasemaje?"

"Mtambo hautoki," akajibu Pazi. "Ukitoka, na mimi natoka nao. Nahamia kwa dada yangu Songo Mnara."

Songo Mnara, ambako hata umeme hakuna! Lakini Mwahija alimjua mume wake. Angehama kweli.

Aliununua mwaka tisini na mbili, vitu vya Dubai vilipoanza kushuka Lindi: amplifaya nzito kama gunia la chumvi, spika tano, na deki ya mikanda. Mtaa mzima wa Mtanda ulikuwa ukijazana sebuleni kwao kutazama video. Ulitoka wapi mtambo? Kwenye baruti ya kuvulia samaki, wala hakuna pengine. Mwahija alijua kwa samaki aliokuwa akiletewa jikoni, nyama teketeke, mifupa imesagika, damu imevilia kwenye uti. Akiwatupia paka, paka ananusa anajiondokea. Pazi akaapa kwa Mungu kwamba baruti hajaigusa. Hata siku aliyorudi na vidole vitatu mkono wa kushoto alisema ni injini ya boti, na mpaka leo anasema hivyo hivyo. Tangu siku ile akaacha baraza, akaacha bao. Ikawa yeye na mtambo wake.

Miaka kumi na miwili! Chumvi ya bahari ikala nati, mijusi ikataga ndani, mende wakakuta joto wakahamia na ukoo wao. Sebule ilinuka mende walioungua. Wageni walikunywa chai huku wamefunika kikombe kwa kiganja. Cha ajabu, hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kuja kulalamika.

Jioni hiyo hiyo Mwahija akamwita fundi Valentini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Umeme hapa kwenu unakatika sana?"

"Marahaba, marahaba." Pazi akaunyooshea mtambo kidole. "Safisha tu. Usitoe hata skrubu moja." Akatazama saa ya ukutani, akachukua barakashia yake, akaenda msikitini kuswali magharibi, harudi mpaka isha.

Valentini akafungua mfuniko, kisha akaruka nyuma. Lo! Mende walimwagika kama maharage yaliyopasukiwa gunia, wakubwa kwa wadogo, wengine weupe, ndio kwanza wamejivua ngozi. Chini yao palikuwa na kinyesi cheusi kimeshikana kama uji uliolala, maganda ya mayai ya mijusi, na panya mmoja, amekauka, meno nje. Mwahija akajiziba pua kwa upande wa khanga. Haikusaidia.

"Mama," akasema Valentini, "hapa nisafishe nini?"

"Toa."

"Mzee kasema—"

"Mimi nimesema toa. Vyote! Na spika nazo zitoe matumbo. Niachie boksi, na taa ya mbele iwake."

Valentini akamtazama. "Atajua, mama."

"Wewe toa."

Wakavichoma uani, vikawa vinapasuka pa! pa! kama bisi. Mwahija akaenda nyuma ya choo akatapika mpaka machozi yakamtoka. Akarudi, akalisugua boksi kwa mafuta ya taa na maji ya moto, akatandika kitambaa kipya juu yake. Usiku kucha hakupata usingizi. Miaka thelathini ya ndoa, halafu mwanamume akuondokee kwa sababu ya mende!

Ijumaa Somoe akafika. Baada ya alasiri Pazi akarudi, akampakata mjukuu, akamlaza kwenye mkeka, hatua mbili tu kutoka kwenye spika. Kisha akaketi mahali pake. Mwahija alisimama mlangoni.

Pazi akabonyeza, taa ikawaka. Akazungusha kitufe mpaka mwisho. Akafumba macho, akatulia kidogo. Mguu ukaanza kudunda. Mkekani, kichanga kilikuwa kimelala fofofo.

"Yule fundi anajua kazi!" akasema Pazi kwa sauti kubwa, anatabasamu. "Hebu sikia besi ilivyotulia!"

Mwahija akazunguka mbele yake, akamgusa goti, akangoja mpaka afumbue macho na kumtazama midomo.

"Naisikia, baba Somoe," akasema. "Punguza kidogo, mtoto amelala."