Uchafu Kwenye Sauti B

Mwalimu wa muziki alizivua spika za masikioni kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya mfu.

"Hii B ni uchafu," alisema. "Nani kamfanyia mama yangu hivi?"

Katibu wa kamati alitazama saa. Walikuwa na kazi moja tu: kupanga kiwango ambacho redio zote zingekifuata kuhamisha nyimbo kutoka kwenye kanda kwenda kwenye kompyuta. Kompyuta za siku hizo zilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo kila wimbo ulipaswa kupunguzwa. Sauti ndogondogo zinazofunikwa na kubwa zingetupwa. Zitupwe kiasi gani, masikio ya watu ndiyo yangeamua. Wimbo wa majaribio ulikuwa mmoja, umewekwa kwa namna tatu: A, B na C. Ipi ni ipi, alijua mzee wa mitambo peke yake.

Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto, na mwimbaji alikuwa mama yake Mwalimu. Mama huyo alifariki binti yake akiwa hajajua hata kutambaa, akamwachia wimbo huo tu. Mwalimu aliusikia redioni tangu utotoni, kwa mkwaruzo na mvumo, mpaka akaujua pumzi kwa pumzi. Kanda yenyewe ilikuwa imechoka. Asubuhi hiyo, baada ya kunakiliwa mara moja, ilipukutika ikawa unga kwenye mashine.

Mzee wa mitambo alimwekea Mwalimu mto mdogo mgongoni, akamsogezea glasi ya maji. Hakuombwa. Yeye ndiye aliyeurekodi wimbo ule, miaka thelathini na tano iliyopita.

"Hebu rudia, mwanangu. Taratibu."

Mwalimu akarudia. Sauti ya mama ilikuja karibu mno, kana kwamba yuko chumbani. Halafu kile kitu kikaanza. Cho, cho, cho. Midomo na mate. Kilikuwa upande wa kushoto. Katikati ya wimbo mama akanyamaza kidogo, na alipoendelea, kikahamia kulia, kwa pupa zaidi. Mara kikapaliwa, kikapumua puani, kikaendelea.

Akazivua spika, akamsukumia mzee.

"Kuna mlafi anakula juu ya wimbo wa mama yangu! Sikia, anakoroma kabisa! Ni mashine yenu hii, mzee. Imemjaza mama mate."

"Mashine hupunguza, Mwalimu," mzee alisema kwa upole. "Haijui kuongeza."

"Basi hii inapunguza kwa kutafuna mdomo wazi."

Katibu akacheka. Mzee hakucheka.

Mwalimu alisikiliza C. Ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Sauti ya mama tu, na nyuma yake hakuna kitu. Huyo ndiye mama aliyemjua. Akaipa C alama tano kati ya tano. B akaiandikia sifuri, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Na muifute," alisema. "Nisije nikaisikia tena maishani mwangu."

"Mwenye mama kasema," Katibu alisema huku akikusanya karatasi zake. "C ndiyo iwe kiwango. Mzee, futa B, mashine imejaa."

Mzee aliweka kidole juu ya kitufe. Hakubonyeza. Akakiondoa, akavuta kiti, akaketi mbele ya Mwalimu, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama yako alikuwa mbishi," alisema. "Nilitaka aimbe amesimama, akadai kiti chenye mikono. Nikamwambia, dada, hapa ndani nataka ukimya. Akanijibu, 'Ukiutaka huo ukimya, niache nikae hivi hivi.'"

"Mzee, hadithi baadaye," alisema Katibu. "Futa."

Mzee hakugeuka. Aliichukua mikono ya Mwalimu, ambayo bado ilikuwa baridi kwa karaha, akaifumbata ndani ya yake.

"B ndiyo kanda yenyewe, haijapunguzwa kitu," alisema. "Na huyo mlafi ni wewe, mwanangu. Ulikuwa unanyonya."