Shimo la Kidole Gumba

"Mama Chemtai, soksi ni ghali hivyo, ama mmekatazwa na kanisa?" Jirani yetu hapa Kibomet aliwahi kuniuliza hivyo, alipomwona binti yangu akikimbia na viatu bila soksi.

Nilicheka. Marehemu mume wangu alikimbia hivyo hivyo. Alisema soksi ikiloa jasho ndiyo inakwaruza mguu mpaka unatoka malengelenge. Kwa hivyo alijipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe kwenye visigino na katikati ya vidole, ndipo akavaa viatu.

Leo asubuhi nilipiga magoti nimpake Chemtai. Mbio zilikuwa Bungoma, na mshindi angechukuliwa kambi ya wakimbiaji. Nilipaka huku nikimwomba Mungu amshike mkono.

Kidole changu gumba kikaacha shimo juu ya mguu wake, karibu na kifundo. Nikangoja. Shimo halikujaa.

Maombi yakanikatikia mdomoni. Miguu ya baba yake ilianza hivyo, kabla figo hazijamuua.

"Imevimba tangu lini?"

"Ni viatu tu, mama. Vinabana."

"Leo hukimbii. Twende hospitali."

"Si tutaenda kesho! Kambi wanachagua leo, mama."

"Baba yako pia alisema kesho."

Nikavichukua viatu, nikavikumbatia kifuani.

Alivitazama. Kisha akainuka, visigino viking'aa mafuta, akatoka pekupeku kuelekea stendi ya magari ya Bungoma.