Mgeni wa Pasaka

Asubuhi ya Pasaka, mwaka hamsini na tano, Sedekia alisimama mlangoni kwa mshona kanzu wa Kihesa, jogoo kwapani. Kitu kilimdunda ubavuni. Hakujua kama ni moyo wa jogoo au wake.

Miaka tisa hakuwa amepiga hodi hapo. Utotoni walikuwa chanda na pete, na mama wa mshonaji akiwapakulia wali kwenye sinia moja la shaba, akimgombeza aliyemega upande wa mwenzake. Kisha Sedekia akabatizwa, akafuga nguruwe ili watu waone kwamba kweli ameacha ya zamani. Tangu hapo, ikawa salamu za njiani tu.

"Naomba unichinjie," alisema.

Mshonaji alimtazama. "Una mgeni Mwislamu?"

"Hapana. Myahudi."

"Iringa hii?"

"Yesu." Sedekia alimsogezea jogoo. "Jana nimesoma Luka polepole, peke yangu. Kumbe alitahiriwa siku ya nane. Kila mwaka wazazi wake walikwenda Pasaka ya kwao. Ndugu yangu, miaka tisa namwandalia sikukuu kwa nyama asiyotia mdomoni!"

Mshonaji hakucheka. Alimpokea jogoo, akamlaza kuelekea kibla, akampapasa shingo kwa kidole gumba kutafuta mahali pa kisu. Akasita.

"Na sufuria?"

"Mpya. Haijapikiwa kitu."

Mshonaji akageukia ndani, akapaza sauti: "Mama! Lile sinia la shaba bado lipo?"