Risasi Hazirudishwi

Marlys Tollefson alilibwaga boksi juu ya kaunta ya duka kwa kishindo hata mzee aliyekuwa akilipia chumvi ya ng'ombe akaruka pembeni.

"Chukueni hili," alisema.

Duane Pruitt, muuzaji, alilitazama. Lilikuwa boksi la risasi ishirini za bunduki ya kuwindia, lile la punguzo, la aina iliyopangwa kama matofali pale mlangoni. Hili lilikuwa limezungushiwa utepe wa gundi mara nne. Bila hata kugeuka, Duane aliinua kidole gumba kuonyesha kibao kilichokuwa ukutani nyuma yake. Risasi zikishauzwa hazirudishwi.

"Kusoma najua," Marlys alisema. "Chukueni."

Zilikuwa zimebaki siku tatu msimu wa kuwinda kulungu ufunguliwe. Huku Montana watu watakusamehe ulevi, watakusamehe hata uongo, lakini kuchelewesha foleni wiki hiyo hawakusamehe ng'o. Nyuma ya Marlys walisimama wanaume tisa wenye makoti ya wawindaji ya rangi ya chungwa, theluji ikiyeyuka kwenye buti zao, kila mmoja amekumbatia maboksi yake ya bei ya kutupa utadhani kayaokota. Hakuna aliyemjua. Alikuwa ametoka maili tisini, na chini ya koti la kiume la kazi za zizini alivaa gauni jeusi la kanisani, siku ya Jumatano. Walimtazama wakaona bahili. Nani mwingine angeendesha gari umbali wote huo kwa ajili ya boksi la punguzo?

"Zina kasoro gani, mama?" Duane aliuliza. "Hazilipuki?"

"Zinalipuka."

"Haziingii kwenye bunduki yenu?"

"Zinaingia."

"Sasa tatizo nini?"

"Sitalala nazo nyumba moja tena. Kwangu risasi hazikai. Nilizitoa zote tangu kiangazi, mpaka ya mwisho."

"Mungu wangu!" alisema Gus Bakken, jitu la watu lililokuwa la tatu kwenye foleni. "Montana bila risasi! Huko kwenu mnawinda kabichi?"

Foleni ikaangua kicheko. Marlys hakugeuka. Hasira aliyoamka nayo haikuwa na pa kutokea, akabaki kuushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

Duane, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda mno utani wake uchekwe, aliona watu wamechangamka akaongeza kuni.

"Punguzo hili litaniua, jamani. Wiki iliyopita kaja mzee mmoja, kofia mkononi kama yuko kanisani, ananiuliza kama tunauza moja moja. Risasi! Moja moja, kama mayai! Nikamwambia, mzee wangu, huyo kulungu wako umemfunga kamba?"

Hata mzee wa chumvi alicheka. Gus alijipiga paja.

"Naye alicheka?" Marlys aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mzee. Mlipocheka, naye alicheka?"

Duane alifikiri kidogo. "Hapana. Alichukua boksi la bei ya chini kuliko yote, akasema asante, akavaa kofia yake, akaenda zake."

"Mama, foleni!" Gus alipiga kelele. "Kulungu watakufa kwa uzee!"

Duane alichukua risiti iliyokuwa imebandikwa juu ya boksi. "Ulinunua wewe hizi?"

"Mume wangu. Orval."

"Basi mwambie Orval aje mwenyewe tuongee."

"Hawezi."

"Anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa. Miaka miwili. Sasa haumwi."

"Kapona halafu anamtuma mkewe kwenye theluji!" Gus alisema. "Dume kweli hilo!"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Shingo ya Marlys ilimwiva, na mtu wa nyuma kabisa, aliyeliona lile gauni jeusi chini ya koti, alitazama chini.

Duane alishachoka. Alitoa pochi yake mwenyewe, akachomoa noti na kuitandaza juu ya kaunta. "Haya, mama. Pesa yangu hii, si ya duka. Chukua, na risasi zako chukua, tuachane kwa amani."

Marlys aliisukuma ile noti kwa kidole kimoja mpaka ikadondoka upande wa pili.

"Pesa sitaki."

Hapo foleni ikatazamana. Bahili gani huyu anayekataa pesa?

"Sasa unataka nini?" Duane alifoka. "Nimekuambia hazirudi, nimekupa pesa yangu hutaki! Unataka nini, mama?"

"Fungua."

Duane alivuta kisu, akakata utepe kwa hasira, akafunua kifuniko. Risasi zilikuwa zimesimama kwenye safu zao, safi, zinang'aa. Aliona alichokuwa akikitafuta, akalisukuma boksi mbele watu wote walione, kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Unaona? Limeshatumika hili! Kuna tundu tupu hapa. Moja haipo!"

"Orval alikuomba moja," Marlys alisema. "Moja ilimtosha. Hizi kumi na tisa ni zako."